Krashi Si Sufuria

Mmeniandikia wengi safari hii, wadogo zangu, na wapiga dramu mmewazidi wote. Kuna swali moja nimelisoma mara tatu. Limetoka kwa mdogo wetu anayepiga dramu kanisani huko Mbeya. Anasema krashi zao mbili, yaani zile sahani za dramu za kutia mkazo, zimepasuka ndani ya mwaka mmoja, wazee wa kanisa wamechanga fedha ya kununua moja tu, na agizo walilompa ni fupi: nenda kachukue ile nzito kuliko zote dukani, idumu. "Dada, niwasikilize?" ndivyo alivyomaliza.

Wasikilize kwa adabu, mdogo wangu, ila hiyo krashi usiinunue.

Wazee wana sababu yao. Mtu akienda kununua sufuria ya shughuli huipima mkononi kwanza, akiona nyepesi anairudisha. Jembe hivyo hivyo, kufuli hivyo hivyo. Tumezoea kwamba kizito ndicho kinachodumu. Hata mimi nilinunua hivyo nikiwa na miaka 19, napiga kwenye kwaya ya vijana Temeke. Nilivunja kibubu, nikachukua krashi ya inchi 18 iliyopigwa chapa ya "Rock". Nilipofika mtaani nikamwomba muuza duka aniwekee juu ya mizani yake ya sukari: kilo moja na gramu mia nane. Nikasema moyoni, hii nitawaachia wanangu.

Haikufika mwaka. Jumamosi moja ya mazoezi nikasikia sauti imebadilika, kuna mkwaruzo ndani yake kama wa spika iliyochanika. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaielekeza dirishani. Ukingoni, pale pale nilipokuwa nikipigia siku zote, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, urefu wake hauzidi ukucha wa kidole gumba. Baada ya wiki tatu ulikuwa umefika urefu wa kidole kizima.

Sasa tusidanganyane. Ukichukua bamba nene na bamba jembamba, ukayapiga yote kwa nguvu ileile, nene litavumilia zaidi. Hapo wazee wana haki. Shida ni kwamba hatuyapigi kwa nguvu ileile. Krashi nyembamba ukiigusa tu inapinda, inayumba, inaitika. Nene haiitiki mpaka uiombe kwa bega. Kwa hiyo siku ya kwanza unapiga kwa kiwiko, mwezi wa pili unapiga kwa bega, na wakati wote huo kipigo kinatua kwenye ukingo ambao hautaki kupinda. Chuma kinachopinda kinaigawa nguvu mwili mzima. Kinachokataa kupinda kinaibeba pale pale kilipopigwa. Ndivyo krashi yangu ya kilo na gramu mia nane ilivyokufa, na bega langu la kulia lilibaki na kumbukumbu kwa muda mrefu.

Kabla hujatoa hata senti, mdogo wangu, kaziangalie zile mbili zilizopasuka. Usizitupe, zina ushahidi. Kama ufa umeanzia ukingoni, tatizo ni mkono au mkao wa sahani. Kama umeanzia kwenye tundu la katikati, tatizo liko kwenye stendi. Mbili kupasuka ndani ya mwaka mmoja, kanisa lilelile, mpigaji yuleyule? Mimi dau langu naliweka kwenye stendi.

Panda juu ya kiti uitazame stendi yenyewe. Kwenye ule msumari wa juu panatakiwa kuwe na kibomba kidogo cha plastiki, ili chuma cha stendi kisisugue tundu la sahani. Chini ya sahani na juu yake panatakiwa vile viduara vya kitambaa kizito, felti. Halafu ile nati yenye masikio inafungwa kidogo tu, sahani ibaki inacheza kama jani. Makanisani mwetu felti hupotea mwezi wa kwanza, kibomba hupotea wa pili, kisha mtu mwema anakuja kuikaza nati kwa nguvu zake zote ili sahani "isidondoke". Sahani iliyobanwa hivyo haiwezi kupumua. Ukiipiga, nguvu yote inakimbilia tundu, na siku moja tundu linakuwa na umbo la tundu la ufunguo. Tafuta kipande cha mpira mwembamba kinachoingia pale kwenye msumari, ukikate saizi. Felti ikikosekana, kata viduara viwili kutoka kwenye kandambili iliyochoka. Nimepigia kandambili miaka miwili na hakuna aliyejua.

Mkao nao. Inamishe sahani kidogo ikuelekee, ili shingo ya kijiti ikutane na ukingo kwa mteremko. Ikilala bapa kabisa, juu sana, unakuwa unaukata ukingo wake kama unapasua kuni. Na ukipiga usisukume kijiti kupita ndani ya sahani. Piga ukipita, kiganja kiende pembeni, kama unafuta vumbi mezani kwa nyuma ya mkono. Fanya hivyo mara mia ukiwa peke yako kabla ya ibada. Mkono ukishajua, hata krashi nyembamba itakaa nawe miaka.

Haya, tuje kwenye sauti, maana huko ndiko moyo wangu uliko.

Watu wengi wanadhani krashi nzito ina sauti nzito. Ni kinyume chake. Kwa sahani mbili za upana mmoja, nyembamba ndiyo yenye sauti ya chini, nyeusi, yenye pumzi. Nene inalia juu, kali, kama kengele. Mcharaza gitaa atakubishia, kwa sababu kwake waya mnene ndio wenye sauti nzito. Lakini waya unanyooshwa kwa kuvutwa, sahani inasimama kwa ukakamavu wake yenyewe. Unene ukiongezeka, ukakamavu unaongezeka kwa kasi kubwa kuliko uzito, na kitu kikakamavu hutetemeka haraka. Ukitaka sauti ya chini, nenda kwenye upana, inchi 18 badala ya 16, na wala si kwenye unene.

Jambo la pili ni muda. Krashi kazi yake ni kufunguka, kusema neno moja, na kuondoka. Nyembamba inapaa mara moja na kuzimika mapema. Nene inachelewa kupaa, halafu ikishapaa haitaki kushuka. Inaendelea kulia juu ya kiitikio, juu ya beti, juu ya kila kitu. Siku zile za Temeke mama mmoja wa sauti ya kwanza alinifuata baada ya ibada, akanishika mkono, akaniambia taratibu: "Mwanangu, ukipiga hiyo sahani mimi sijisikii." Nilidhani ananionea wivu. Miaka mingi baadaye nilisikia kanda ya ibada ile. Kila nilipopiga, baadhi ya herufi za maneno zilitoweka. "Asante" ikawa "ahante". Mlio mkali wa sahani nene unakaa kwenye eneo lilelile la sauti ambamo tunasikia "s" na "sh", na Kiswahili chetu kimejaa hizo. Kwaya inaimba ujumbe, mdogo wangu. Ujumbe ukifunikwa, sisi wa nyuma tumeharibu kazi ya wa mbele.

Mmoja wenu, huyu wa Arusha, ameniandikia kwamba krashi nyembamba ni bidhaa ya kiwanda kinachobana matumizi, ni feki. Hapana. Familia ya Zildjian imekuwa ikifua matoazi tangu miaka ya 1600, ilianzia Konstantinopoli, Istanbul ya leo, na jina lenyewe maana yake ni mwana wa mfua matoazi. Mwaka 1929 Avedis Zildjian wa Tatu alifungua kiwanda Marekani, mjini Quincy, karibu na Boston. Sahani nyingi za wakati huo zilikuwa nene, za bendi za maandamano na okestra. Wapiga dramu wa jazi ndio waliokwenda kumlilia, Gene Krupa akiwa mstari wa mbele: tupunguzie unene, tunataka kitu kinachoitika haraka. Akaanza kuwatengenezea nyembamba. Kwa hiyo wembamba uliombwa na wapigaji wenyewe, mabingwa, kwa sababu ya muziki. Nene zenye chapa za rock zilishamiri baadaye, gitaa zilipoanza kupitia maspika makubwa kama makabati na mpiga dramu akawa anapigana asikike.

Je, wewe unapigana na nani huko Mbeya? Hilo ndilo swali la kujiuliza. Kanisa lenye paa la bati, ukuta wa tofali, sakafu ya vigae, hakuna pazia wala zulia: mahali hapo hata kijiko kikidondoka kinasikika mlangoni. Ukiingiza krashi nene humo unawaumiza watoto wa safu ya mbele. Chukua nyembamba, inchi 16 hadi 18, na vijiti vya saizi ya 7A au 5A. Mkutano wa nje ni habari nyingine. Ukipiga uwanja wa wazi kama Jangwani, sauti haina ukuta wa kuirudisha, nyembamba sana inamezwa na upepo. Hapo ya kati, inchi 18, inafaa. Lakini kama fundi mitambo amekuwekea maikrofoni juu ya dramu, rudi kwenye nyembamba, kwani maikrofoni inaipenda na sauti atakuongezea yeye.

Wapiga sebene mnasemaje? Nawajua, mkono haupumziki. Mdundo ule wa kavacha, ambao Meridjo Belobi, mpiga dramu wa bendi ya Zaïko Langa Langa, alitutia damuni miaka ya 1970, unakaa kwenye snea na haihati, na krashi inaingia kama mtu anayeitikia "ndiyo!" na kunyamaza. Kwenye kasi ile, sahani inayolia sekunde kumi ni adui. Kabla haijanyamaza umeshaipiga tena, mara ya tatu, mara ya nne, mpaka inakuwa ukungu. Nyembamba, inchi 16, na ujifunze kuikamata kwa vidole vya mkono wa kushoto ukitaka ikate. Sina neno zaidi hapo.

Kuhusu namba zenyewe, kwa sababu wengi mnaniuliza gramu. Krashi nyembamba ya inchi 16 huwa karibu kilo moja, mara nyingi chini kidogo. Nyembamba ya inchi 18 huwa kati ya gramu 1,200 na 1,400 hivi. Ukiona ya inchi 18 inavuka gramu 1,700, hiyo ni nzito, hata kama muuzaji anakuapia ni ya kati. Lakini usilinganishe gramu za sahani zenye upana tofauti! Nyembamba ya inchi 18 inaweza kulingana kwenye mizani na nene ya inchi 16, na zikipigwa ni vitu viwili visivyofanana kabisa. Pima upana kwanza, ndipo upime uzito. Na yale maneno yaliyoandikwa juu yake, "Thin", "Medium Thin", "Heavy", kila kiwanda kinayatumia kwa mizani yake. Hata sahani mbili za kiwanda kimoja zenye chapa moja zinaweza kupishana gramu kadhaa, hasa zikiwa zimefuliwa kwa nyundo. Ndiyo maana sikio linakwenda dukani pamoja na wewe.

Angalia pia zimetengenezwa kwa madini gani, kwa sababu hapa ndipo fedha ya wazee inaweza kupotea bila mtu kujua. Sahani nzuri nyingi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 80 na bati asilimia 20. Nasema bati la mgodini, kama linalochimbwa Kyerwa kule Kagera, wala si mabati ya kuezekea. Mchanganyiko huo huitwa B20. Kuna B8, shaba 92 na bati 8, sauti yake iko wazi zaidi, ina mwanga, na wapigaji wakubwa wa rock wameitumia bila kuona haya. Halafu kuna shaba ya njano, shaba na zinki, inayokuja na seti za kuanzia. Hiyo ukiipiga inasema "tang" kama sinia na haiendi mbali. Uzito wake ubadilishe upendavyo, haitafunguka. Kama fedha haitoshi krashi mpya ya maana, nunua iliyotumika ya B20 au B8 kuliko mpya ya shaba ya njano.

Ya mtumba ikaguliwe hivi. Iondoe kwenye stendi. Ishike kwa kuingiza kidole kimoja tundu la katikati, ining'inie huru, kisha gusa ukingo kwa ncha ya kidole cha mkono mwingine. Sikiliza mpaka mwisho wa mlio. Mlio uzime taratibu kama moshi. Ukisikia unatetema au unakwaruza, kuna ufa. Pitisha ukucha ukingoni mzunguko mzima, juu na chini. Ukucha ukinasa, simama hapo uangalie kwa mwanga wa jua. Tundu liwe duara safi. Rangi ya kahawia au madoa ya kijani yasikutishe, ni umri na hewa tu, na sisi wa pwani tunayajua sana kwa sababu ya chumvi. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa laini, kausha hapo hapo. Usiisugue kwa mchanga wala stilwaya. Na asije fundi wa kuchomelea akakuahidi kuziba ufa: moto ule unaharibu ugumu uliopikwa kiwandani, na sahani haitakuwa ileile tena. Ufa mdogo unaweza kuzuiwa kwa kutoboa kitundu kidogo mwisho wake ili usiendelee, lakini hiyo ni ya kusogeza siku.

Dukani usikubali kupimishwa krashi kwa kuipiga kwa nguvu mara moja. Kila sahani ikipigwa kwa nguvu dukani inapendeza, ndivyo masikio yalivyo. Nenda na vijiti vyako mwenyewe, vile unavyotumia Jumapili. Anza na pigo dogo kabisa, kama unalotumia maombi yakiendelea. Imefunguka? Kama pigo dogo linatoa "ting" tu bila ile "shaa", hiyo ni nene mno kwako, irudishe. Halafu piga ya kati. Halafu piga mara nne za haraka usikie kama zinatengana. Mwisho, mwambie mtu mwingine aipige na wewe usimame hatua kumi, kwa sababu sauti ya kwenye kiti cha mpigaji si sauti inayofika kwa waumini.

Kwa hiyo wewe wa Mbeya, mwenye nafasi ya kununua moja tu: inchi 18, nyembamba au ile inayofuata baada ya nyembamba, ya B20 fedha ikifika, ya B8 isipofika. Kanisa likiwa dogo sana, shuka inchi 16. Wakati huohuo tengeneza stendi, hiyo ni lazima, hata kabla ya safari ya dukani. Mimi mwenyewe leo napigia ya inchi 18 yenye gramu 1,310, na yule mama wa sauti ya kwanza bado anaimba mbele yangu.

Na wazee? Usiende peke yako ukarudi na krashi nyepesi ukaonekana umekaidi. Mwombe mmoja wao akusindikize, yule mwenye neno la mwisho. Dukani mwekee nzito na nyembamba kwenye stendi mbili. Mwambie, "Baba, naomba usome matangazo ya Jumapili kwa sauti yako ya kawaida." Akiwa anasoma, piga nyembamba mara moja. Aendelee kusoma. Piga nzito, mkono uleule. Kisha mpe kijiti apige mwenyewe, wewe ndiye usome. Halafu niandikie aliyoichukua.